Mshale Uliokaa Katikati

Tangu mdogo wake azikwe, Tepu alikuwa anakula mpaka sahani inaisha na hajui amekula nini. Msidhani alikonda. Alikula vizuri tu. Mkewe akimuuliza kama chumvi imekolea, anajibu imekolea. Siku moja mke kwa hasira hakutia chumvi hata chembe, akauliza tena, na bwana akajibu vilevile, imekolea. Mwanamke akaweka kijiko chini, akamtazama weee, kisha akaenda kuosha vyombo kwa kelele za makusudi.

Watu walisema ni huzuni, wakamhurumia. Lakini huzuni yenyewe haikuwapo. Hakulia hospitalini, hakulia makaburini, na miezi saba baadaye alikuwa bado hajalia. Pale palipotakiwa kuwa na huzuni palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Juzijuzi alikuwa chini ya gari la mteja, mkono wake umelalia bomba la moshi, na gari limetoka barabarani sasa hivi, bomba bado la moto, na yeye ametulia tuli anatafuta waya. Ni fundi rangi wa karakana ya jirani aliyepiga kelele.

"We Tepu! Unajichoma au unajibanika?"

Tepu akautazama mkono wake, akauondoa, akasema ahsante. Fundi rangi akabaki mdomo wazi, maana alitegemea walau tusi.

Alikuwa na miaka hamsini na sita na alikuwa fundi umeme wa magari tangu ujana. Jina la Tepu alipewa kwa ajili ya ile tepu nyeusi ya kufungia nyaya, aliyoivaa mkononi kama bangili kutwa kucha. Hata kwenye harusi ya binti yake alikwenda nayo, picha zipo, na binti hajamsamehe. Kazi yake ilikuwa na alama yake. Kila kiungo cha waya, kabla hajakizungushia tepu, alikifunga kwanza kwa uzi. Fundi aliyemfundisha alimwambia tepu ikipata joto gundi yake inalainika na kuteleza, lakini uzi ukishakazwa hauendi popote. Na uzi wa Tepu ulikuwa wa njano siku zote, kwa sababu shemeji yake, mke wa mdogo wake, alikuwa fundi cherehani, alishona sare za shule zenye mstari wa njano, na uzi uliobaki alimpa yeye. Fundi yeyote akifungua dashibodi akakuta uzi wa njano, anajua hapa kapita Tepu.

Huyo mdogo wake walimwita Spidi. Alisambaza mayai madukani kwa gari lake la mgongo mrefu, na kwa sababu ya mayai aliendesha polepole mpaka wenye baiskeli walimpita wakimpungia mkono. Ndiyo sababu ya jina. Alijisifu kwamba mayai yake yanasinzia njiani.

Basi Alhamisi moja simu ya Tepu ikalia, akaona ni shemeji yake.

"Shemeji, Jumamosi una nafasi?"

"Ninayo."

"Nimenunua geji ya joto. Hizi za kuongeza, inakaa peke yake juu ya dashibodi. Naomba uje unifungie kwenye gari. Jumatatu naanza kupeleka mayai mwenyewe, leseni nimeshaipata."

"Si gari lina mshale wake wa joto?"

"Lina."

"Una kasoro?"

"Hauna. Unakaa katikati vizuri. Nataka tu na huu mwingine."

"Kwa nini?"

"Shemeji, unakuja au huji?"

"Nakuja," akasema Tepu. Simu ikakatwa. Akaendelea kuishikilia sikioni.

Sasa ngoja niwaeleze alichokuwa anakijua yeye peke yake, maana bila hicho mtaona ni fundi tu anaitwa kazini.

Miaka mitatu nyuma, Spidi alikuja karakana akilalamika. "Kaka, mshale wa joto unarukaruka." Tepu akapima. Injini nzima, maji yapo, tatizo ni sensa, kile kidude cha kwenye injini kinachopima joto na kuupa mshale habari. Sensa ya gari lile haikupatikana madukani wakati ule. Akamwambia avumilie. Spidi hakuwa mtu wa kuvumilia jambo linalohusu mayai. Alipiga simu kila siku. Kaka, leo umefika juu kabisa ukarudi. Kaka, nimesimama mara tatu njiani. Kaka, sasa hivi unatetemeka, sikiliza, kana kwamba mshale unasikika kwenye simu! Tepu ana magari manne yanamsubiri, wenye magari wamekaa kwenye benchi wanamkodolea macho. Akachoka. Akamwambia, "Lete hilo gari."

Akalitia rezista. Rezista ni kidude kidogo, hakizidi punje ya mchele, kina mistari ya rangi tumboni. Ukikata waya unaotoka kwenye sensa, ukaunganisha upande wa dashibodi na rezista ya kiasi chake, mshale unapanda katikati na kukaa hapohapo. Gari liwe baridi, liwe linachemsha, liwe linawaka moto, mshale uko katikati. Mafundi wote wanaijua janja hiyo, na wanaoipenda ni wauza magari wasio na haya. Tepu hakuwahi kuifanya kabla. Alijiambia ni kwa muda tu, sensa ikipatikana ataitoa. Akafunga kiungo kwa uzi, akazungusha tepu, akarudisha dashibodi.

"Imepona," akamwambia mdogo wake.

Kesho yake Spidi akapiga simu, safari hii kwa furaha. "Kaka, mbona hata asubuhi nikizungusha ufunguo tu unaruka katikati?"

"Gari likipona linashika joto haraka."

Jamani! Uongo wa namna hiyo hata mtoto angeuliza swali la pili. Lakini Spidi aliambiwa na kaka yake, na kaka yake ni fundi, basi akaridhika. Miezi minne baadaye sensa ikaingia madukani. Tepu aliiona kwa macho yake, iko kwenye rafu, ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema kesho.

Na kesho ikawa miaka mitatu. Siku moja saa tano asubuhi, Spidi akiwa kwenye mlima wa kwenda upande wa juu wa mji, gari limejaa trei za mayai, mpira wa maji ukapasuka. Gari likaanza kutoa moshi. Akasimama kando, karibu na daraja dogo. Akatazama mshale, uko katikati. Akachukua kitambaa, akafungua mfuniko wa rejeta.

Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa yanachemka. Yalimpiga usoni, kifuani na mikononi. Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya nne, Tepu amekaa pembeni ya kitanda, Spidi akasema kutoka kwenye bandeji, polepole, "Kaka, mshale ulikuwa katikati. Sasa kwa nini?"

Tepu akasema, "Sijui, mdogo wangu."

Spidi akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa. Hakuuliza tena. Siku ya kumi na moja akafa, asubuhi, wakati wagonjwa wengine wanagawiwa chai.

Basi mnaiona balaa iliyoko. Geji mpya itasema kweli, na itakaa kiganja kimoja tu kutoka kwenye mshale wa uongo. Asubuhi ya kwanza, gari baridi, shemeji atazungusha ufunguo, mmoja utakuwa chini na mwingine utaruka katikati. Hata asiyejua gari atauliza. Kwa hiyo Tepu alikuwa na mambo mawili, kuitoa rezista bila kuonekana au kusema. Akisema, mwanamke yule hatamwita shemeji tena. Na wale watoto wawili wa Spidi wanaomwita baba mkubwa, wanaokula kwake kila Jumapili na kugombania kukaa karibu naye, watafundishwa kumwita jina lingine. Aliyawaza hayo yote bila moyo kumdunda hata kidogo, kama anayesoma tangazo ukutani. Akakata shauri. Ataitoa.

Jumamosi saa tatu alifika na sanduku lake la vifaa. Watoto walikuwa wameenda shule kwa mazoezi. Shemeji alikuwa ameshaliondoa turubai na kulipangusa gari vumbi. Lilikaa uani kwa miezi saba, na kila wiki alilipiga moto dakika tano ili betri isife. Mpira wa maji ulishabadilishwa na fundi mwingine. Cherehani yake ilikuwa barazani, hatua chache tu, na rundo la sare juu ya meza.

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Muongo. Macho yako yananiambia hujanywa tangu mwaka jana." Akamletea kikombe. Tepu akakiweka juu ya paa la gari, kikapoa hapo.

Geji yenyewe ilikuwa nzuri, uso mweusi, namba nyeupe kuanzia arobaini mpaka mia moja na ishirini. Ilikuja na sensa yake na kipande cha chuma cha kuichomeka. Tepu akaanza upande wa injini. Akamwaga maji kiasi, akaukata mpira wa juu wa rejeta katikati, akakiingiza kile kipande cha chuma, mpira huku na mpira huku, akakaza vibanio, akaizungusha sensa mahali pake, akayarudisha maji. Akapitisha waya wake kwenye tundu la ukuta wa injini mpaka ndani. Mikono ilifanya kazi peke yake. Yeye alikuwa pembeni, anaitazama.

Ndani ya gari palikuwa na harufu ya trei za mayai. Akafungua skrubu za dashibodi, akaivuta. Shemeji akaja akaketi kiti cha abiria na tochi.

"Nikumulikie?"

"Usijisumbue. Nuru inatosha."

"Inatosha wapi, umeingiza kichwa chote humo kama mwizi wa sukari."

Akammulikia. Tepu akachukua testa ya umeme, akatafuta waya wenye moto wa swichi, yaani ule unaopata umeme ufunguo ukizungushwa tu, ili geji isije ikanyonya betri gari likiwa limezimwa. Akaupata. Akafunga kiungo, akatoa uzi mfukoni, akaukaza. Shemeji akatabasamu.

"Bado unautumia uzi wangu."

"Bado."

Akaunga waya mweusi kwenye bodi ya gari. Na nyuma zaidi, upande wa kushoto, kwenye kivuli ambacho tochi haikufika, alikuwa ameshauona. Kifundo cha tepu kilichofifia, na kwenye ncha yake nyuzi mbili za njano zimechomoza. Akafanya kazi nyingine zote zilizobaki, polepole, akisubiri.

Getini mtu akapiga hodi. Mama mmoja alifuata sare za wanawe. Shemeji akaacha tochi kitini, akaenda barazani. Tepu akaingiza mkono wenye mkasi wa waya. Kata huku, kata huku. Sekunde nne. Akaitia rezista kwenye mfuko wa shati, na uzi wake, na tepu yake. Miaka mitatu, na kuitoa ni sekunde nne! Hakusikia chochote, hata ahueni. Shemeji aliporudi, dashibodi ilikuwa inakazwa skrubu ya mwisho.

"Tayari?"

"Tayari. Washa."

Akaketi kiti cha dereva, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Wote wawili wakatazama, yeye kwenye kiti, Tepu ameinama mlangoni. Geji mpya ilikuwa chini. Mshale wa zamani nao ulikuwa chini.

"Huu wa zamani umekufa?" akauliza shemeji.

"Ehe. Umri."

"Wiki iliyopita nilipolipiga moto ulikuwa katikati."

"Vitu vya umeme ndivyo vilivyo. Unalala mzima, unaamka umekufa."

Shemeji alikuwa amekaza macho kwenye geji. Dakika tano zikapita, sita, nane. Injini ilishapata joto, hata kwa mkono juu ya boneti unajua. Geji mpya haikusogea hata unywele.

"Shemeji, haupandi."

"Utapanda tu."

Neno hilo likamtoka, na akalisikia likitoka. Ni sauti ileile iliyosema imepona. Akaenda mbele, akafungua boneti, akatazama kazi yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akili ikamrudia. Kipande cha chuma kimekaa katikati ya mipira miwili. Mpira haupitishi umeme. Sensa haikuwa imegusa bodi ya gari popote, na sensa isiyogusa bodi ni bubu. Ilihitaji waya mmoja mfupi kutoka pale kwenda kwenye chuma cha gari. Kosa hilo analifanya mwanafunzi wa wiki ya pili, tena anazomewa.

"Zima," akasema. "Nimesahau waya."

"Wewe? Umesahau waya?" Shemeji akashuka, akaja kusimama karibu naye. "Leo jua litachwea mashariki."

Tepu akakata kipande cha waya, akainama juu ya injini kukifunga. Na alipoinama, kutoka mfuko wa shati kikaanguka kile kifundo, kikagonga rejeta, kikadondoka chini, karibu kabisa na kandambili za shemeji yake. Akakiokota yeye kabla Tepu hajanyoosha mgongo.

Akakigeuza kiganjani. "Uzi wangu huu. Lakini ni wa zamani, ona ulivyofifia. Huu ni ule wa mkupuo wa kwanza, niliuacha ulikuwa unakatika ovyo." Akachokonoa tepu kwa kucha. Rezista ikajitokeza, na mistari yake ya rangi. "Hiki nini, shemeji?"

Hakuonyesha kushuku chochote. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa ngapi. Na Tepu alikuwa na majibu chungu nzima, mepesi. Takataka. Kipande cha gari la mtu. Au lile neno jingine, alilolizoea. Akafungua mdomo akalikuta limeshafika kwenye ulimi. Sijui.

Akalimeza.

"Ni rezista," akasema. "Nimeitoa kwenye dashibodi sasa hivi, ulipokwenda getini. Niliiweka mimi, miaka mitatu iliyopita. Ndiyo iliyokuwa inaushikilia mshale katikati. Mshale ule haukuwa unapima kitu, shemeji. Tangu siku ile haukupima kitu."

Shemeji akamtazama.

"Alikuwa ananipigia simu kila siku. Nikachoka naye. Nikaitia nikamwambia gari limepona. Sensa ilipopatikana sikuibadilisha. Na hospitalini aliniuliza. Alisema mshale ulikuwa katikati, kwa nini. Nikamwambia sijui."

Maneno yalitoka makavu, moja moja, kama skrubu zinazotupwa kwenye kopo. Akamaliza. Akasubiri kofi, au kelele, au majirani.

Shemeji akageuka, akaenda barazani, akaketi kwenye cherehani yake, na akaanza kukanyaga. Hakuweka nguo. Sindano ilipanda na kushuka kwenye chuma kitupu, tatatatata, muda mrefu, na ile rezista ilikuwa bado kwenye ngumi yake ya kushoto. Tepu alisimama palepale penye boneti. Hakuwa na mahali pa kwenda.

Cherehani ikanyamaza.

"Alinipigia simu," akasema shemeji kutoka barazani, bila kumtazama. "Akiwa pale darajani. Akaniambia gari linatoa moshi lakini mshale uko katikati, afanyeje. Mimi nilikuwa na sare za watu hapa, nimechelewa, nina hasira. Nikamwambia kama uko katikati basi si moto huo, fungua utie maji uje, mayai yanapigwa jua."

Tepu akashika ukingo wa gari.

"Nilimwambia mimi. Fungua utie maji uje. Miezi saba, kila nikikanyaga hii mashine naisikia sauti yangu. Watoto wakiniita naisikia. Sijamwambia mtu, maana ningemwambia nani? Halafu mwalimu wa udereva akanifundisha kwamba gari likiwa baridi mshale unatakiwa uanzie chini. Nikaja hapa nikawasha gari, limelala wiki nzima, mshale ukaruka katikati. Nikasema labda ni mshale uliodanganya. Labda si mimi. Ndiyo maana nikanunua geji ya pili, nilinganishe. Nilitaka kujua tu kama nimemuua mume wangu au sikumuua."

Akainuka. "Na wewe ulikuwa unajua. Unakuja hapa, unaniuliza watoto wamelalaje, na unajua."

"Sikujua alikupigia."

"Ungejuaje, nawe ulikuwa umefunga mdomo? Ungesema pale hospitalini, siku ya nne, ningekutukana wewe na ukoo wako mzima, halafu usiku ningelala. Sijalala, baba! Sijalala!"

Mguu uliokufa ganzi, ukiamka, unauma kuliko ulivyokuwa unauma kabla haujafa. Tepu alianza kusikia kwenye mkono, pale alipoungua na bomba la moshi siku zile. Pakawaka, kana kwamba pameungua sasa. Kisha kifua. Akakaa chini palepale kwenye saruji, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, na tepu yake mkononi, akalia kwa sauti mbaya ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Alimlilia Spidi kwa jina lake la utotoni. Na alimlilia huyu aliyesimama barazani, ambaye alimwachia mzigo wake aubebe miezi saba, bila hata kujua amemtwisha.

Shemeji hakuja kumnyamazisha. Alisubiri mpaka akamaliza.

"Gari limekwisha?" akauliza.

"Bado waya mmoja."

"Maliza."

Akafunga waya. Uzi ulimtoroka vidoleni mara mbili, kwa sababu vidole sasa vilikuwa vinasikia. Akaukaza, akazungusha tepu, akafunga boneti. Shemeji alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani na amekaa kwenye usukani.

"Panda."

Akapanda. Hakuuliza wanakwenda wapi. Alimwona akiiweka rezista kwenye kijishimo cha mbele ya gia, pale Spidi alipokuwa akiweka kalamu yake. Wakatoka getini polepole, wakapita maduka, wakashika barabara ya mlimani. Mwanamke aliendesha akiwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, macho mbele.

"Mimi siwezi kutazama njia na geji kwa pamoja, bado ni mgeni," akasema. "Nisomee."

Tepu akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Sitini na tano."

"Endelea."

"Sabini. Sabini na nne. Themanini."

Mlima ukaanza kweli. Injini ikabadili sauti. Themanini na tatu, akasoma. Themanini na sita. Kwenye ukingo wa barabara likatokea lile daraja dogo, na saruji yake iliyomeguka, na majani yaliyoota pembeni. Hakuna alama yoyote. Shemeji hakupunguza mwendo wala hakuongeza.

"Ngapi?"

Tepu alikuwa ameligeukia daraja.

"Nimekuuliza ngapi."

"Tisini na moja."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Wakalipita daraja. Shemeji akavuta pumzi, ndefu, ikamtetemesha mabega. Baada ya hapo akasema, "Watoto utawaambia wewe mwenyewe. Kesho, kabla ya kula. Mimi nitakuwepo ila sitakusaidia neno."

"Sawa."

"Na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi natoka na mayai. Utakaa hapohapo ulipokaa, unisomee. Na Alhamisi. Na Jumatatu nyingine."

"Mpaka lini?"

"Sijui," akasema.

Neno lilimfika mahali pake, na alijua kwamba hata aliyelitupa alijua linakwenda wapi. Akainamisha kichwa. Gari lilikuwa bado linapanda, mlima ulikuwa haujaisha, na yeye alikuwa amenyamaza.

"Shemeji," akasema yule mwanamke, kwa ukali, bila kutoa macho barabarani, "nimesema soma."

Akasoma.